Kile kipimo cha peremende kwa watoto: kinapima subira ya mtoto au malezi ya kwao?

#1 Kibatari
Wakuu, salaam. Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya wazazi na kwenye semina za malezi. Mtoto wa miaka minne anawekewa mezani peremende laini, ile mashimalo, anaambiwa akisubiri mpaka mtu mzima arudi atapewa na ya pili. Mtoto akishindwa kusubiri, mtoa semina anahitimisha kuwa huyo maisha yatamshinda.

Hoja yangu ni hii: kipimo kile kilianzia chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambako wengi walikuwa watoto wa walimu na wanafunzi wa chuo hicho. Kukibeba kama kilivyo na kumhukumia mtoto wa Mbagala au Kahama ni kosa la kisayansi. Wenye saikolojia yao waje: subira ni moja duniani kote, au kila jamii ina yake?

#2 Mwana wa Ualimu
Subira ni subira, mkuu. Waliosubiri walikuja kupata alama nzuri kwenye SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya kule. Ushahidi haufutwi kwa sababu tu umetoka kwa Wazungu.

#3 Takwimu Tupu
@Mwana wa Ualimu, tuifungue hiyo habari ya SAT. Watoto waliopimwa pale Stanford kati ya 1968 na 1974 ni 653. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1990 ulipata alama za SAT za watoto 94 tu. Hao nao walikuwa wamepimwa kwa namna tofauti: wengine peremende ilikuwa wazi mbele yao, wengine imefunikwa, wengine walifundishwa mbinu ya kujisahaulisha, wengine waliachwa wajitegemee. Uhusiano wenye nguvu ulionekana kwa kundi moja, waliowekewa peremende wazi bila kufundishwa mbinu. Hao ni watoto 35.

Mwaka 2018 Watts, Duncan na Quan walirudia hesabu kwa watoto zaidi ya 900 wa Marekani, safari hii wakiwemo wengi ambao mama zao hawakumaliza chuo. Uhusiano kati ya kusubiri na ufaulu wa umri wa miaka 15 ulitoka nusu ya ule wa zamani. Walipoingiza hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto kabla ya jaribio, ukapungua tena kwa theluthi mbili. Kwa hiyo hata kwao wenyewe kipimo hakibebi mzigo kinaobebeshwa na watoa semina.

#4 Mama Chekechea
Nashangaa hatujafika Cameroon. Kundi la Bettina Lamm na Heidi Keller lilipima watoto wa miaka minne wa pande mbili: 125 wa familia za kipato cha kati Ujerumani, na 76 wa Wanso, wakulima wa nyanda za juu za kaskazini magharibi mwa Cameroon. Matokeo yalichapishwa 2018. Muda wa kusubiri ulikuwa dakika 10. Wajerumani waliwekewa peremende ya kijiti au chokoleti, Wanso wakawekewa puff-puff, yale maandazi madogo ya mviringo ya huko, jamaa wa kalimati zetu.

Waliosubiri mpaka mwisho: Wanso karibu asilimia 70, Wajerumani karibu asilimia 28.

Namna walivyosubiri ndiyo inayonivutia zaidi. Watoto wa Kijerumani walijipinda, waliimba, waliongea peke yao, walikigeuzia chakula mgongo, walizunguka chumba. Wa Kinso walikaa. Hawakuhangaika wala hawakuonyesha kuumia, na baadhi yao walipitiwa na usingizi pale pale kwenye kiti na andazi likiwa mbele yao. Sasa vile vitabu vinavyosema mtoto hushinda kishawishi kwa kujisahaulisha vitamweleza vipi aliyelala?

#5 Nahodha Mstaafu
Jibu liko wazi. Ni utii. Mtoto wa Kinso ameambiwa na mtu mzima "subiri", naye anasubiri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mjerumani ameambiwa "chagua", naye amechagua kula. Hapo hakuna aliyefaulu wala aliyefeli.

#6 Mama Chekechea
@Nahodha Mstaafu, sehemu ya hilo imo, ila utafiti ule ulianza mapema zaidi. Walikuwa wameshawarekodi watoto hao wakiwa wachanga wa miezi 9, wakicheza na mama zao. Mama wa Kinso ndiye anayeongoza mchezo na anatarajia mtoto awe mtulivu, hisia kali hazipewi nafasi. Mama wa Kijerumani humfuata mtoto anakotaka kwenda. Tofauti hiyo ya mama ilihusiana na kusubiri miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo yawezekana si amri ya siku ile iliyomweka mtoto kitini, ni mwili uliozoeshwa utulivu kabla hajajua kusema. Hayo ni maelezo mawili tofauti na kila moja lina utabiri wake. Kama ni utii, mpimaji akiwa mtoto mwenzake mkubwa kidogo, kusubiri kutashuka. Kama ni mazoea ya utulivu, kutabaki vile vile.

#7 Bint Makunduchi
Asalaam aleikum. Naongeza maelezo ya tatu. Kaichi Yanaoka na wenzake walichapisha 2022 utafiti wa watoto wa Kyoto, Japani, na Boulder, Colorado. Walitumia vitu viwili: chakula, na zawadi iliyofungwa. Kwenye chakula watoto wa Japani walisubiri muda mrefu zaidi kuliko Wamarekani. Kwenye zawadi ikawa kinyume, Wamarekani ndio waliosubiri.

Sababu waliyoitoa ni mazoea. Japani, nyumbani na shuleni, hali mtu mpaka wote wamepata na maneno ya kufungulia chakula yamesemwa. Marekani zawadi za Krismasi na za siku ya kuzaliwa hukaa zimefungwa mpaka siku yenyewe ifike, mtoto anazitazama tu. Kila mmoja ana subira pale alipozoeshwa. Kama ni hivyo, hakuna kitu kimoja kinachoitwa "subira ya mtoto" cha kuwekwa kwenye mizani. Mtoto wa kwetu anayekula sinia moja na ndugu zake, anangoja mkubwa aanze kumega, mtampima kwa kitu gani?

#8 Jirani Mwema
Mnazunguka bure. Ni umaskini. Kule Rochester, Marekani, walionyesha kuwa mtoto wa maisha magumu hawezi kusubiri kwa sababu kwao cha leo ni cha leo, kesho hakuna. Mtoto anapiga hesabu sawasawa.

#9 Takwimu Tupu
@Jirani Mwema, utafiti huo haukupima umaskini. Celeste Kidd na wenzake, mwaka 2013, walichukua watoto 28 wa miaka 3 hadi 5 na kuwagawa kwa bahati nasibu, 14 kwa 14. Kundi moja mpimaji aliwaahidi rangi nzuri zaidi za kuchorea, kisha stika nzuri zaidi, akazileta. Kundi la pili aliahidi, akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Baada ya hapo ndipo ikaja mashimalo. Walioletewa walisubiri wastani wa dakika 12, na 9 kati ya 14 walifika dakika 15. Waliovunjiwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 3, na aliyefika mwisho ni mmoja.

Kilichobadilishwa ni uaminifu wa mtu mzima mmoja ndani ya chumba kimoja. Hatua ya kusema "kwa hiyo maskini ndivyo walivyo" ni ya wasomaji. Na ukiisimamia hoja ya umaskini, utuelezee Wanso: wakulima wadogo, kipato chini kabisa ya wale Wajerumani, na bado walisubiri zaidi.

#10 Jirani Mwema
Mkuu, mkulima mwenye ghala siyo sawa na mtoto wa mjini anayelala hajui kesho atakula nini. Kipato kidogo si sawa na kutokuwa na uhakika. Wanso wana mashamba na ukoo. Hoja yangu naiacha pale pale.

#11 Mtu wa Ziwa
Hapo kwa uhakika wa kesho Jirani ana pointi, sijaona data za kumnyamazisha. Lakini niwarudishe kwenye swali la #1, maana hili halijaanza na peremende.

Kenya tuna kesi mbili ambazo kila anayepima watoto anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni Kokwet, kwa Wakipsigis, walikofanya kazi Charles Super na Sara Harkness miaka ya 1970. Wageni walikuwa wakisema mtoto wa Kiafrika "kwa maumbile" huwahi kukaa na kutembea. Super akaangalia wanavyolelewa. Walezi wanafundisha makusudi: mtoto anachimbiwa shimo dogo ardhini, anakalishwa humo kiuno kikishikiliwa, anashikwa mikono na kutembezwa. Matokeo: alikaa na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani. Ila kwenye kutambaa, ambako hakuna anayemfundisha, hakutangulia. Ingekuwa maumbile peke yake, angetangulia kote.

Ya pili ni ya upande wetu wa ziwa. Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 wa Kijaluo, miaka 12 hadi 15, wa vijijini karibu na Kisumu. Wakawapa vipimo vya kawaida vya akili na misamiati, halafu kipimo cha kuijua mitishamba: ugonjwa upi, dawa ipi, kiasi gani. Vijana wanatumia maarifa hayo kujitibu wenyewe, maana minyoo na malaria viko kila siku. Walioijua zaidi mitishamba walipata alama za chini kwenye misamiati ya Kiingereza. Uhusiano ulikuwa hasi.

#12 Mwana wa Ualimu
Hiyo ya pili inaweza kuelezwa kirahisi: anayeshinda shambani na bibi hashindi darasani. Ni muda tu, siyo akili mbili.

#13 Mtu wa Ziwa
Waandishi wenyewe waliliona hilo. Baadhi ya familia zinaona shule ina faida, nyingine zinaona ufundi wa nyumbani ndio utakaomlisha mtoto, kila moja inawekeza kwake. Lakini tazama kinachofuata: ukichukua kipimo cha darasani pekee ukasema hiki ndicho "akili", umeshapima uamuzi wa familia ukauita kichwa cha mtoto.

#14 Kibatari
Asanteni, uzi umepanda. Sasa twende kwenye vitendo. Mtu akitaka kufanya jaribio hili la kusubiri Tanzania bila kuliharibu, aanzie wapi?

#15 Mama Chekechea
@Kibatari, nitaandika kwa urefu maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Kwanza chakula. Usichague wewe. Andaa vitu vinne au vitano vinavyouzwa pale pale, kashata, kalimati, biskuti, karanga za kupima, mtoto achague anachokipenda zaidi, na hicho ndicho kitumike. Mashimalo kwa watoto wetu wengi ni kitu cha ajabu. Atakayeiacha huenda haitaki. Muulize mzazi kuhusu mzio, hasa wa karanga. Andika muda wa mlo wa mwisho, na upime wote kati ya saa moja na mbili baada ya uji au chai. Mwezi wa Ramadhani usipime kabisa sehemu za Waislamu, hata kama watoto hawa hawajaanza kufunga, maana nyumba nzima haili mchana.

Pili mpimaji. Mgeni mwenye kitambulisho shingoni ni mkaguzi, mtoto ataganda. Akiganda utaandika "amesubiri dakika 15" kumbe amekuogopa. Mpimaji akae na watoto siku mbili au tatu, acheze nao, na atimize kila ahadi ndogo aliyoitoa. Mmesoma #9, ahadi moja iliyovunjika inabadilisha kila kitu. Atumie lugha ya nyumbani kwa mtoto, kama ni Kisukuma iwe Kisukuma.

Tatu maelekezo. Hapa ndipo utii unapoingia bila kuonekana. Ukisema "nisubiri", umetoa amri. Sema: "Unaweza kula hiki sasa hivi ukitaka, sitakasirika. Ukikaa mpaka nirudi, utapata viwili." Halafu muulize: ukila sasa unapata vingapi? Ukinisubiri unapata vingapi? Ukitaka nirudi haraka unafanya nini? Asiyejibu vizuri baada ya kurudiwa mara mbili asihesabiwe. Na kengele ya kumwita mpimaji aigonge mara mbili tatu kwa mazoezi, mpimaji atoke na kurudi kila mara, aone kweli inafanya kazi.

Nne, eneo. Mtoto aliyezoea mkeka usimkalishe kiti kirefu miguu ikining'inia. Wapime wote wa darasa moja siku moja na waliopimwa wakae chumba kingine, maana habari ya kalimati mbili husambaa kabla ya saa nne asubuhi. Mwisho wa zoezi kila mtoto apate viwili, aliyesubiri na asiyesubiri.

Tano, rekodi kwa video. Andika sekunde hadi kulamba, hadi kung'ata, hadi kugonga kengele, kila kimoja peke yake. Watu wawili wasome video bila kujua mtoto ni wa kundi gani.

#16 Takwimu Tupu
Naongeza kwenye tano. Usichukue wastani wa dakika. Ukiweka kikomo cha dakika 10 na asilimia 70 wakafika, hujui hao wangefika 12 au 40. Tumia uchambuzi wa muda hadi tukio, ule wa Kaplan na Meier, unaomhesabu aliyefika mwisho kama "bado hajala" badala ya kumpa alama 10. Watu wengi hupotosha tofauti za makundi hapo.

#17 Bint Makunduchi
Mama Chekechea umesahau moja: mtoto aliyefunzwa kutopokea chakula kwa mtu asiye wa kwao. Pwani hilo ni adabu ya msingi. Na mwingine hataki kula kwa sababu anataka kupeleka nyumbani akagawane na mdogo wake. Video inaonyesha "amesubiri". Ndani yake hakuna kujizuia kokote.

#18 Mama Chekechea
Sahihi kabisa. Dawa yake ni swali la mwisho, baada ya jaribio: "Kwa nini hukukila?" Jibu liandikwe neno kwa neno.

#19 Nahodha Mstaafu
Nitoke pembeni kidogo. Ile michoro ya mistari miwili yenye mishale, ya Müller-Lyer, ambayo mistari ni sawa ila jicho linaona mmoja mrefu zaidi: walithibitisha kuwa watu wa Kalahari hawadanganyiki kabisa, kwa sababu hawaishi kwenye nyumba zenye kona. Hata jicho ni utamaduni.

#20 Takwimu Tupu
Nahodha umekata kamba mapema leo. Kazi ya Segall, Campbell na Herskovits, iliyochapishwa 1966, ilionyesha tofauti kubwa ya viwango: watu wa Evanston, Marekani, walidanganyika zaidi, Wasan wa Kalahari kidogo sana. Nadharia ya nyumba zenye kona ilikuwa maelezo yao. Wengine baadaye walidai ni rangi iliyo nyuma ya jicho. Na mwaka 2025 Dorsa Amir na Chaz Firestone waliipinga hoja ya utamaduni kwa ushahidi mzito: hata baadhi ya wanyama hudanganyika, mistari iliyopinda bila kona hufanya kazi ile ile, na waliozaliwa vipofu hudanganyika kwa kugusa. Ule mfano kila mtu anaunukuu na ndio dhaifu kuliko yote iliyotajwa kwenye uzi huu.

#21 Mtu wa Ziwa
Kama unataka mfano imara, Nahodha, chukua wa Robert Serpell, 1979. Watoto wa Lusaka na wa Manchester walipewa kazi moja, kunakili umbo, kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walishinda. Kwa waya Wazambia walishinda, maana wanakua wakitengeneza magari ya waya. Kwa udongo hawakutofautiana. Ukipima kwa kalamu peke yake unaandika ripoti kuwa mtoto wa Zambia ana tatizo la kuona maumbo.

#22 Mwana wa Ualimu
Sawa, ila mkiendelea hivi tutafika mahali kila kijiji kina kipimo chake na hatuwezi kulinganisha chochote. Daktari wa watoto anayetafuta mtoto aliyechelewa kukua anahitaji namba. Akisubiri wataalamu wa utamaduni wakubaliane, mtoto anakosa matibabu.

#23 Takwimu Tupu
Hoja nzuri kuliko zote za leo. Malawi wamejaribu njia ya kati. Kipimo chao cha ukuaji, MDAT, kilichochapishwa 2010 na Melissa Gladstone na wenzake, kina vipengele 136 na kilipimwa kwa watoto zaidi ya 1,400. Walianza na vipimo vya nje kama Denver cha Marekani, ambacho kina vipengele kama mtoto kujiandalia nafaka za boksi au kucheza karata. Vya misuli mikubwa, kukaa na kutembea, vilisafiri bila shida sana. Vya kijamii na lugha ndivyo vilivyohitaji kuandikwa upya.

Kimahesabu, kipimo ni kama mizani: kabla hujalinganisha magunia ya masoko mawili, hakikisha jiwe la kilo ni lile lile kote. Chukua watoto wa makundi mawili wenye alama sawa za jumla, angalia kila kipengele peke yake. Kama kimoja kinawashinda wa kundi moja pekee, kitoe au kipe uzito tofauti. Inahitaji mamia ya watoto kila upande, ndiyo maana wengi hukwepa. Jeffrey Arnett alihesabu mwaka 2008: kwenye majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 ya watu wa dunia.

#24 Bint Makunduchi
Kuhusu #1, "kilianzia Stanford": Walter Mischel, mwenye kipimo hicho, alianza Trinidad. Karatasi yake ya 1958 ilikuwa ya watoto 53 wa miaka 7 hadi 9 wa vijijini, wenye asili ya Afrika na ya India. Chaguo lilikuwa peremende ya senti moja leo, au ya senti kumi wiki ijayo. Alikwenda na masimulizi aliyoyasikia huko kuwa kundi moja halina subira, na tofauti ilionekana. Ila alipoangalia nani anaishi na baba nyumbani, hilo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya tofauti. Swali la utamaduni lilikuwepo kabla ya Stanford. Liliachwa njiani.

#25 Jirani Mwema
Na ahadi ya wiki nzima kutoka kwa mgeni! Hapo narudi kwangu: uhakika. Mtoto ambaye baba yupo anaona ahadi zikitimizwa kila siku.

#26 Nahodha Mstaafu
Au anaona amri zikitolewa kila siku. Utii.

#27 Kibatari
Mnaweza kutenganishwa hapo. Nusu ya watoto waambiwe "subiri", nusu "chagua", na ndani ya kila nusu mpimaji atimize au avunje ahadi ndogo kwanza. Makundi manne. @Takwimu Tupu, wangapi kila kundi?

#28 Takwimu Tupu
Unatafuta mwingiliano, yaani kama athari ya neno "subiri" inategemea ahadi ilitimizwa au ilivunjwa, siyo tofauti kubwa kama ya Rochester. Usishuke chini ya 50 kila kundi, na waliogoma kujibu maswali ya kuelewa hawamo humo. Panga kupima 240 upate 200. Mama Chekechea, kuvunja ahadi kwa mtoto wa miaka minne kamati ya maadili watapitisha?

#29 Mama Chekechea
Watapitisha ikiwa ahadi ni ya stika tu na mtoto anazipata zote kabla hajatoka chumbani. Andikeni hilo ukurasa wa kwanza wa maombi. Na kalimati zipikwe asubuhi ile ile, kila chumba na sahani yake iliyofunikwa. Zikikaa sana zinakuwa ngumu na mtoto wa mwisho hatakuwa na kishawishi sawa na wa kwanza.